Swichi ya sola inazima saa 8 usiku: kabla ya kushusha namba ya kukata, amua nani azimwe kwanza

Swali: "Kaka, shikamoo. Nipo Mahuta, wilaya ya Tandahimba. Nina mnara wa mita 18 ninaosambazia intaneti ya bila waya. Redio moja inapokea kutoka Newala mjini, ya pili inahudumia sekondari na nyumba kadhaa, ya tatu ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ya nne zahanati. Kuna kamera mbili pia, moja inaangalia betri na nyingine inaangalia ghala la AMCOS lililo jirani. Juu, kwenye mita 12, nimefunga boksi lenye swichi ya poti 8. Inapokea volti 10 hadi 30 na kuzipandisha yenyewe ndani kuwa 48 kwa ajili ya redio. Chini kuna betri kavu mbili za volti 12, ampea-saa (Ah) 100 kila moja, zimeungwa sambamba, paneli mbili za wati 150 na kontrola ya chaji ya aina ya PWM, ya ampea 20. Waya wa kupandisha umeme ni wa milimita 1.5 za mraba. Nilianza na redio ya Newala na ya zahanati tu, na sikuwa na shida. Novemba nikaongeza redio mbili na kamera zote mbili. Tangu mvua zianze, ikifika kama saa 8 usiku swichi inazima, baada ya dakika inawaka, inazima tena, hivyo hivyo mpaka alfajiri. Ukurasa wa swichi unaonyesha volti 10.7 wakati multimita kwenye betri inasoma 12.1. Kontrola nimeiweka ikate kwenye 10.8 na irudishe kwenye 11.5. Je, swichi ni mbovu? Niishushe kontrola hadi 10.5? Ninunue betri ya tatu? Na fundi mmoja ananishauri niweke inveta nitumie adapta za kawaida. Ni sawa?"

Jibu:

Marahaba, ndugu yangu. Swichi yako ni nzima. Kontrola usiishushe, kama una la kufanya leo kabla jua halijazama, ipandishe. Betri ya tatu isubiri. Inveta nitaifikia mwishoni.

Umenipa kitu ambacho wengi hawanipi, yaani vipimo viwili vya wakati mmoja: 10.7 juu na 12.1 chini. Mtu akiona tofauti hiyo huamua kwamba kipimo kimoja kinadanganya, kisha anakiamini kile kinachomfurahisha. Vyote viwili vinasema kweli. Ile volti 1.4 iliyopotea katikati imeliwa na waya. Kutoka betri hadi boksi ni mita 12 za kwenda na 12 za kurudi, kwa hiyo umeme unatembea mita 24 za shaba. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa omu 0.0175 hivi kwa kila mita. Gawanya kwa 1.5, zidisha kwa 24, unapata omu 0.28. Sasa mzigo: redio nne nimezikadiria wati 7 kila moja, swichi yenyewe 6, kamera 7 kila moja usiku kwa sababu taa zake za infraredi zinakuwa zimewaka. Jumla wati 48. Kupandisha volti kutoka 12 kwenda 48 nako kuna hasara, tuseme sehemu ya kumi, basi swichi inavuta kama wati 53. Wati 53 kwa volti 10.7 ni karibu ampea 5, na ampea 5 mara omu 0.28 ni volti 1.4. Hesabu imeangukia palepale ulipopima, kwa hiyo hata makadirio yangu ya mzigo hayako mbali na ukweli.

Huko kujizima na kujiwasha kunatokana na hapo hapo. Kifaa kama swichi yako hakivuti ampea zilezile muda wote, kinavuta wati zilezile. Volti ikishuka, kinaongeza ampea ili kifidie. Ampea zikiongezeka, waya unakula volti zaidi, swichi inaona kidogo zaidi, inavuta zaidi. Kwa waya ulionao, betri ikifika 11.5 swichi inaona 10 tu, na 10 ndio ukomo wake, kwa hiyo inazima. Ikishazima hakuna ampea inayopita, na waya usiopitisha ampea hauli volti hata chembe, basi ile 11.5 yote inafika juu mara moja. Betri nayo, ikishatuliwa mzigo, inapanda yenyewe hadi 11.8 au 12. Swichi inaona neema imerudi, inaamka, redio zote zinawaka kwa pamoja, volti inaporomoka tena.

Kontrola haimo kabisa katika mchezo huo. Imeambiwa ikate kwenye 10.8, na betri haifiki huko kwa sababu swichi inajizima mapema. Ukiishusha hadi 10.5 hakuna kitakachobadilika usiku wa leo. Kitakachobadilika ni siku utakapoweka waya mnene: hapo swichi itapata nguvu ya kuikamua betri hadi 10.5, na betri ya risasi ikikamuliwa hivyo usiku baada ya usiku haimalizi mvua za masika. Na huku kuwaka na kuzima si usumbufu tu. Redio ikikatiwa umeme katikati ya kuandika kwenye kumbukumbu yake inaweza kuamka bila mipangilio, na wewe unajua maana ya kupanda mnara mvua inanyesha.

Kwa hiyo anza na shaba. Unaweza kubadilisha waya kuwa wa 6, na ile 1.4 itabaki kama 0.3. Ila mimi ningeshusha boksi. Weka swichi chini, hatua moja au mbili kutoka kwenye betri, uzifunge kwa waya wa 6 mfupi wenye fyuzi karibu kabisa na betri, kisha upandishe kebo za mtandao za CAT6 peke yake, moja kwa kila redio. Kebo ya mtandao inaruhusiwa mita 100, wewe huna hata 20 za kwenda juu. Ndani yake zinapita volti 48, na redio ya wati 7 kwa volti 48 inavuta ampea 0.15 tu, kiasi ambacho waya mwembamba wa CAT6 haukihisi. Siku zote pandisha volti karibu na betri, ndipo usafirishe umeme. Nunua kebo ya shaba tupu ya kukaa nje, maana madukani zimejaa za alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua ncha kwa kisu ukaona weupe, mrudishie mwenyewe. Faida nyingine ya kushusha boksi ni kwamba volti utakayosoma kwenye ukurasa wa swichi itakuwa karibu sawa na ya betri, na bila hilo mipango nitakayokueleza chini haitafanya kazi. Kwenye mpango wa sasa ungeandika sharti la 11.8 na lingetekelezwa betri ikiwa bado na 13.

Mtu mwingine angeishia hapo, swichi ikaacha kujizima wiki moja, kisha matatizo yakarudi. Waya ulikuwa unakuficha jambo kubwa zaidi: unatumia umeme kuliko unaovuna. Wati 53 kwa saa 24 ni karibu wati-saa 1,270. Tuseme 1,200, kwa kuwa mchana taa za kamera zimezimika. Paneli zako zinaandikwa wati 300 kwa pamoja, lakini kontrola ya PWM inaikalisha paneli kwenye volti ya betri. Paneli ya wati 150 inatoa kama ampea 8.3, kwenye volti 18 zake hizo ni wati 150, lakini kwenye 13.2 za betri ni wati 110. Mbili ni 220. Siku ya jua zuri nahesabu saa 5 za jua kamili, yaani wati-saa 1,100. Siku za mawingu ya Januari mpaka Machi nahesabu saa 3, yaani 660. Na betri ya risasi hairudishi yote iliyopewa, inabaki na sehemu yake ya kama moja ya tano. Ulipokuwa na redio mbili tu ulikuwa unatumia wati-saa 530 kwa siku, ndiyo maana hukuona shida. Tangu Novemba hata siku ya jua kali hutoshelezi, na mvua imekuja kuikuta betri iko nusu.

Ushahidi uko kwenye saa yako yenyewe. Kutoka saa 12 jioni hadi saa 8 usiku ni saa 8. Zidisha kwa 53, ni wati-saa 424. Betri zako mbili zikiwa nzima na zimejaa zina wati-saa 2,400. Umetumia chini ya moja ya tano, na betri iliyotumika kiasi hicho inapaswa kuwa bado juu ya 12.4. Wewe unaikuta 11.5. Maana yake jioni inaondoka haijajaa, au imeshapoteza uwezo, na kwa hali uliyonieleza naamini ni yote mawili.

Betri ya tatu haiongezi hata wati-saa moja ya mavuno. Aliye na deni hatajiriki kwa kununuliwa pochi kubwa. Mbaya zaidi, betri mpya ikiungwa sambamba na mbili zilizochoka inafanya kazi ya kuzibeba, na baada ya miezi inakuwa kama wao.

Kuchoka kwa betri ya risasi kunaeleweka kirahisi. Inapotumika, bamba zake zinapata utando wa salfeti ya risasi, na chaji inauyeyusha utando huo. Ikiachwa wiki kadhaa bila kujazwa mpaka juu, utando unakuwa fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi, na kila fuwele ni sehemu ya bamba iliyopotea. Joto nalo linaharakisha kuchakaa: mafundi wengi wanahesabu kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha ya betri kwa nusu. Kama betri zako zimo kwenye sanduku la bati linalopigwa na jua la mchana, zijengee kivuli chenye hewa, na kama kontrola yako ina sensa ya joto, ibandike kwenye betri yenyewe.

Zipime moja moja kabla ya kuamua lolote. Zitenganishe, ijaze kila moja kwa chaja ya umeme wa TANESCO au jenereta mpaka chaja yenyewe iseme imejaa, iache bila mzigo usiku kucha. Betri kavu nzima itasoma 12.7 au 12.8. Kisha chukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, uifunge kwenye betri moja. Inavuta kama ampea 4.6, karibu sawa na mnara wako wote. Betri nzima ya Ah 100 iiwashe kwa muda wa saa 10 na bado iwe kwenye 12 hivi. Ikishuka chini ya 11.8 kabla ya saa 5 kupita, hiyo haina nusu ya uwezo ulioandikwa juu yake. Ukikuta moja nzima na moja mbovu, ondoa mbovu na ubaki na moja. Nzima moja ina faida kuliko mbili zinazonyonyana. Ukizirudisha zote mbili, chanya ya kwenda kwenye swichi itoke betri ya kwanza na hasi itoke ya pili, ili zifanye kazi sawasawa. Wengi wanatoa nyaya zote kwenye betri moja, na ndiyo inayokufa kwanza.

Sasa tuje kwenye kuongoza mzigo wenyewe. Volti ya chini kwenye mnara wa sola lazima itatokea. Hata mfumo uliohesabiwa vizuri utakutana na siku nne za mawingu mfululizo. Kinachotenganisha mnara unaoheshimika na mnara wa lawama ni kama mwenye mnara aliamua mapema nani azimwe kwanza, au aliiachia betri iamue. Betri haina upendeleo, inawazima wote pamoja, zahanati na kamera ya ghala.

Anza na saa kabla ya volti. Ofisi ya AMCOS haina mtu usiku, kwa hiyo redio yake izimwe kila siku saa 2 usiku na kuwashwa saa 12 asubuhi, betri iwe imejaa au haijajaa. Kamera ya ghala vivyo hivyo, ila hapa usitumie kanuni moja mwaka mzima. Wakati wa minada, kuanzia Oktoba, ghala lina korosho za watu na kamera hiyo ina kazi kuliko redio ya shule. Sasa hivi ghala likiwa tupu, inamulika sakafu. Redio hiyo moja na kamera hiyo moja zikilala saa 10 zinakuachia zaidi ya wati-saa 150 kila usiku, bila kununua kitu. Redio ya sekondari na nyumba iache mpaka saa 6 usiku, watu waangalie mipira yao.

Baada ya saa ndipo volti. Kwa betri za risasi na mzigo mdogo kama wako, mimi ningeweka hivi: 12.2 ikidumu dakika 10, kamera ya ghala na redio ya sekondari zinazima popote zilipo. 12.0, redio ya AMCOS inazima hata kama ni mchana, na kamera ya betri inazimiwa taa za infraredi lakini yenyewe inabaki. Hiyo siizimi mapema, kwa sababu wezi wa betri hupenda usiku wa mvua. 11.9, inabaki redio ya Newala na ya zahanati peke yake. 11.7, kontrola inakata kila kitu. Hizo dakika 10 usiziache, bila hizo kila wingu linalopita litakuzimia mteja.

Nikiulizwa namba ipi ni muhimu zaidi kwenye mpango mzima, sitataja ya kukata. Nitataja ya kurudisha. Kwako ni 11.5, na betri yoyote ya risasi iliyotuliwa mzigo inafika hapo yenyewe kwa dakika chache bila kupokea kitu. Namba ya kurudisha lazima iwe ile ambayo betri haiwezi kuifikia pasipo jua. Iweke 12.8, au 13.0 kama kontrola inakubali. Swichi ikizimwa saa 9 usiku italala mpaka jua lianze kuchaji, na wateja wataona mtandao haupo usiku mmoja, ambao ni afadhali kuliko mtandao unaokuja na kuondoka wiki nzima.

Katika kurudisha kuna mtego. Asubuhi jua likianza kugusa paneli, volti ya betri inaruka hadi 13.2 kwa muda mfupi wakati ndani bado hakuna kitu. Unachosoma ni msukumo wa chaji. Kwa hiyo usirudishe wote kwa volti peke yake. Kontrola ikiwasha kwenye 12.8, waanze Newala na zahanati. AMCOS irudi 13.0 ikidumu dakika 20. Sekondari na kamera zirudi 13.2 ikidumu saa nzima, na kabla ya saa 3 asubuhi isiwashwe yoyote kati ya hizo. Kati ya poti na poti acha nusu dakika, kwa sababu redio inapoamka inavuta zaidi kuliko inapokuwa imetulia.

Namna ya kuyatekeleza inategemea swichi. Ukiwa na swichi au ruta ya MikroTik inayopima volti, inasomwa kwenye sehemu ya Health. Unaandika skripti, yaani maagizo mafupi, inayosoma namba hiyo na kuzima umeme wa poti husika, kisha Scheduler inaiamsha kila dakika chache. Angalizo moja: MikroTik nyingi ndogo hazipandishi volti kama swichi yako, zinapitisha kwenye poti volti ileile zilizopokea, kwa hiyo kwenye betri ya 12 redio ya juu itapata 12 pungufu ya hasara ya kebo. Kama swichi yako haina uwezo wa kuandikiwa masharti, kuna rilei ndogo za volti zinazouzwa kwa mafundi wa sola, zenye namba mbili, ya kukata na ya kurudisha. Kamera ya ghala na redio ya sekondari zitoe kwenye swichi kuu, uziwekee konveta yao ndogo nyuma ya rilei. Haina urembo, lakini haina pia programu ya kuharibika.

Chochote unachoandika, poti ya redio ya Newala iwe nje ya masharti yote. Ukiizima hiyo kwa skripti umejifungia nje, na hakuna ujumbe utakaofika kuiwasha. Pia angalia kama swichi ina kipengele cha kupima mawasiliano na kuwasha redio upya kila mawasiliano yakikatika. Usiku wa volti ndogo kipengele hicho kinageuka adui, kizime. Na mfumo ukutumie ujumbe kwenye 12.2, wakati kiungo bado kipo hai. Ujumbe wa 11.7 hautakufikia.

Ukishamaliza hayo, andika vipimo viwili kila siku: saa 2 usiku, wakati ule msukumo wa chaji ya mchana umeshatulia, na saa 11 alfajiri. Cha saa 2 kikishuka siku hadi siku, huvuni vya kutosha. Cha saa 2 kikiwa kizuri lakini cha alfajiri kinaporomoka, betri imepoteza uwezo. Huhitaji kipimo kingine kujua fedha iende wapi.

Kwa hesabu niliyofanya, nadhani itaenda kwenye paneli na kontrola. Ukiweka kontrola ya MPPT, ile isiyoikalisha paneli kwenye volti ya betri kama PWM, na paneli za wati 600, nikichukua robo tatu ya hizo kwa ajili ya joto, vumbi na hasara, mara saa 3 za siku ya mawingu, unapata 1,350. Inatosha mzigo wako ukiwa umeshalazwa usiku kama nilivyosema, hata baada ya betri kuchukua sehemu yake. Unganisha paneli mfululizo ikiwa kontrola inapokea volti hizo. Ampea zinapungua na waya wa paneli unapumua.

Kuzilaza paneli kuna ubishi mwingi. Tandahimba iko kama nyuzi 10 hadi 11 kusini mwa ikweta, hivyo paneli zinatazama kaskazini. Lakini nimeona watu wa kwetu wakiziinua nyuzi 25 au 30 kwa sababu ndivyo walivyoona kwenye video ya mbali. Juni hiyo ingefaa, jua likiwa kaskazini, ila Juni hatuna shida. Shida yetu ni Desemba hadi Machi, jua likiwa juu ya utosi au limeenda kusini kidogo. Nyuzi 10 zinatosha, na usiende chini ya hapo, mvua ishindwe kuosha. Tawi la mkorosho linalogusa kona ya paneli likate, kivuli cha kona kinachukua zaidi ya kona.

Kisha kuna salfa. Kuanzia Juni wakulima wanapuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiri unga, na wewe uko katikati ya mashamba. Unga huo unatua kwenye paneli wakati hakuna mvua ya kuuosha, basi miezi hiyo panguse kwa maji na kitambaa laini asubuhi paneli zikiwa bado za baridi. Unatua pia kwenye shaba na kuigeuza nyeusi. Fungua viungo vyote sasa, kwenye betri, kontrola na swichi, vikwangue mpaka shaba ing'ae, vikaze, uvipake grisi ya terminali. Kiungo cheusi kinakula volti kama waya mwembamba, na hakionekani kwenye hesabu yoyote.

Betri za lithiamu, najua utauliza. Zile za LiFePO4 ni nzuri kwa mnara, ila namba zote nilizokupa zitupwe. Volti yake inakaa karibu palepale, kama 13.2 ikiwa na zaidi ya nusu na bado kama 13 ikiwa na theluthi, halafu inadondoka ghafla. Kukata kuwe 12.4 hivi, kabla bodi yake ya ndani haijakata yenyewe, kwa sababu kuna kontrola ambazo zikikosa volti ya betri haziamki hata jua likiwaka. Na usiiunge sambamba na betri za risasi hata kwa usiku mmoja.

Inveta, hapana. Betri yako ina volti 12 za moja kwa moja na redio zinataka 48 za moja kwa moja. Kuzipeleka kwanza 230 za umeme wa nyumbani, kisha kuzishusha tena kwa adapta sita, ni kulipa ushuru mara mbili njiani. Inveta ndogo yenyewe ikiwa haina mzigo inaweza kula wati 5 hadi 10, ambazo kwako ni redio nzima. Zaidi ya hapo utapoteza kile ulichokihitaji tangu mwanzo, yaani kuisoma volti ya betri kutoka kwenye swichi, maana nyuma ya inveta swichi itaona adapta yake iko sawa mpaka sekunde ile ya kuzima.